Kitabu cha tatu kilichokataa kusimulika

Kisa hichi kimetokea nyumbani kwa dada yangu, Wete kule Pemba, msimu wa karafuu uliopita, na nakiandika kwa urefu kwa sababu mpaka leo kinanikereketa. Natoa siri za vitabu vyote vitatu humu ndani, ambae hajasoma na anataka kusoma asimame hapa hapa, asije akanilaumu.

Vitabu vyenyewe ni vile vya Tomi Adeyemi, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, vya nchi ya Orïsha. Cha kwanza, Children of Blood and Bone, kilitoka Machi 2018, cha pili Disemba 2019, halafu watu wakakaa wee mpaka Juni 2024 ndo kikaja cha tatu cha kumalizia, Children of Anguish and Anarchy. Miaka minne na nusu. Kwa mtu mzima si kitu lakini kwa mtoto wa skuli ni umri mzima huo, anaingia fomu wani anatoka fomu foo bado anasubiri kujua stelingi wake imekuwaje.

Aliyenitia kwenye vitabu hivi ni binti wa dada yangu, sa hivi ana miaka 17. Cha kwanza alikipata akiwa na miaka 13 kwa jamaa aliyekuja likizo kutoka Uingereza, kimechakaa, kava linaning'inia, akakisoma na kamusi pembeni miezi mizima, na alichokisoma mchana usiku anakisimulia. Hapo kwenye kusimulia ndo kisa kinapoanzia. Kwao msimu ukichanganya, karafuu zikishuka shamba zinamwagwa barazani juu ya jamvi na watoto wote wa nyumba ile na wa jirani wanakaa kuchambua, karafuu huku makonyo, vile vijiti vyake, kule, mpaka saa nne saa tano ya usiku, vidole vyeusi na harufu haitoki hata ukioga, na kazi ile bila ya hadithi hailiki kabisa. Zamani msimuliaji alikuwa bibi yao. Bibi pumzi zikampungua, akashika mjukuu. "Paukwa?" "Pakawa!" na safari imeanza.

Nilikuwepo msimu alioanza kusimulia kitabu cha kwanza. Mle ndani watu wenye nguvu za miujiza wanaitwa maji, ndivyo alivyoandika mwandishi mwenyewe kwa herufi hizo hizo, na watoto wa Wete wakaelewa kwamba hawa ni watu wa maji, na kwa vile Zélie, yule msichana ambae ndie stelingi, kwao ni Ilorin, kijiji cha wavuvi kinachoelea juu ya maji, wakaona sawasawa, hakuna aliyeuliza. Nilitaka kusahihisha, binti akanitazama tu nikanyamaza. Walimpenda Nailah, simba mwenye pembe ambae Zélie anampanda mgongoni. Walimchukia mfalme Saran aliyewaua maji, mama yake Zélie akiwemo, akawabakisha watoto wao wenye nywele nyeupe wakinyanyaswa nchi nzima. Wakamlilia Binti, samahani, Binta, yule mtumishi aliyeuliwa na mfalme mbele ya macho ya Amari, na Amari ni binti wa mfalme mwenyewe na yule ndie alokuwa rafiki yake wa pekee mle kasri. Bibi aliuliza mara moja tu, hao miungu wao ni miungu gani, akajibiwa hadithi hiyo bibi, kama zile zako za majini, akasema haya, endelea.

Kitabu cha pili wapo waliokiona kizito. Mie na binti tulikiona ndo bora kuliko vyote na naomba nieleze kwa nini, mana bila ya hapo cha tatu hakieleweki kimekosea wapi. Mwisho wa cha kwanza Zélie anafanikiwa kuzirejesha nguvu za maji, watu wanashangiria. Cha pili kinafunguka unakuta zile nguvu hazikurudi kwa maji peke yao, zimewaingia na watu wa ukoo wa kifalme na wakubwa wenye asili ya maji kwenye damu yao, hao wanaitwa tîtán, na mkali wao ni malkia Nehanda, mama yake Amari. Yaani umepigana ukafiwa na baba yako na ulichokipigania kimempa silaha adui yako. Hilo ni wazo kubwa sana, tena ni la kweli, na vita vilivyofuata si vya wema na wabaya tena, ni vya watu waliotishana mpaka kila mmoja ana haki na kila mmoja ana damu mkononi.

Na kilele chake ni Amari. Amari huyu huyu aliyemlilia Binta, aliyeapa hatokuwa kama baba yake, anafika pahala anakuwa radhi kijiji kizima kiangamie, raia na watoto wao, ili ampate mama yake na vita viishe. Anajua na Zélie yumo mle. Anaamua hivyo hivyo. Usiku ule barazani, binti alipofika hapo, mikono yote ilisita. Sikio langu liliisikia ile sauti ya karafuu zikikwanyuka inakatika, kimya, halafu kijana mmoja mdogo wa jirani, alikuwa na miaka mitano wakati ule, akauliza, "Sasa Amari si kawa mfalme yule?" Binti akamwambia subiri. Akawaambia wote subirini, mana kitabu cha pili kinaishia Zélie anazinduka yuko kwenye meli, kifungoni, na hakuna anayejua meli ya nani.

Wakasubiri.

Cha tatu nilikileta mie kutoka Unguja. Nilikipata kwa mtu, nikakitia mkobani nikapanda boti ya asubuhi pale Malindi, na nilijizuia lakini wapi, tumetoka tu bandarini nikakifungua. Kurasa za mwanzo ziko ndani ya meli ile, watu wa Orïsha wamewekwa kwenye vizimba, wanaowachukua ni wapiganaji wanaovaa vinyago vya mafuvu na lugha yao haieleweki. Nilisoma kama kurasa arubaini nikakifunga. Sikuweza. Niko juu ya bahari ile ile. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873 na kanisa likajengwa pale pale, kila anayekwenda skuli mjini amepita njia ile, na Mangapwani shimo la kufichia watumwa lipo mtu anaingia anajionea. Na mie nakwenda Pemba kwenye karafuu. Mwaka 1872 kimbunga kiliilaza mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika, ndo ikawa kisiwa cha karafuu, na mikono iliyokuwa ikizichuma na kuzichambua miaka ile ilikuwa ya watu walioletwa kwa majahazi, mana utumwa wenyewe huku kwetu haukufutwa kisheria mpaka 1897. Kwa hiyo mie sikuzisoma kurasa zile kama fantasia. Naapa nilidhani kitabu hichi kitakuwa kikubwa kuliko viwili vyote vilotangulia.

Nasema haya mapema ili isije ikaonekana nilikwenda nikitafuta makosa. Mwanzo ule ni mzuri, na alikuwa na kila sababu ya kuuleta. Hao orisha anaowaandika, miungu ya Wayoruba, kina Oya na Yemoja, walivuka bahari ndani ya vifua vya watu waliofungwa minyororo wakafika Brazili, na wanatajwa kule mpaka leo, na mwandishi mwenyewe alikuwa Brazili alipokutana nao akapata wazo la hadithi nzima. Meli ilikuwa lazima ije. Na mwisho wa kitabu cha kwanza aliandika maneno yake mwenyewe kwamba hadithi ile kaiandika kwa uchungu wa Wamarekani weusi wanaopigwa risasi na polisi bila ya silaha mkononi. Mtu aliyesema vile ndie aliyenifundisha nisome vitabu vyake kwa kipimo kile, kwa hiyo nampima kwa kipimo chake.

Nikafika Mkoani, gari mpaka Chake, gari mpaka Wete, nikamkabidhi. Hata shikamoo aliisema kitabu kiko mkononi keshafungua. Akakisoma siku mbili.

Siku ya tatu usiku watoto wamejaa barazani kuliko kawaida, habari zilishaenea kitabu kimekuja. Akaanza vizuri, meli, vizimba, mafuvu, watoto wamenyamaza kama wamemwagiwa maji. Akaingia mfalme Baldyr, mfalme wa hao wa mafuvu, aliyeteketeza nchi nzima nzima akimtafuta Zélie ili zile nguvu zake azitie mkononi yeye. Sawa. Zélie, Amari na Tzain, kaka yake Zélie, wanajikuta nchi za ng'ambo wasizozijua wanatafuta watu wa kuwasaidia. Sawa. Hapo nikaona ameanza kusitasita, anarudi nyuma, anasema "halafu... ah, kuna nchi nyengine", anaeleza nchi, watoto wanamsikiliza kwa adabu tu. Yule mdogo wa jirani, sasa keshafika miaka minane, akauliza swali lake, halikumtoka kichwani miaka yote ile.

"Na wale wa kile kijiji?"

Binti akasema hao hawamo huku. Mtoto akasema, lakini Amari yumo. Akajibiwa ndio yumo. "Zélie hakumuuliza?" Binti akafungua kitabu, akakifunga, akasema waligombana kidogo kisha mambo yakaisha mana adui mkubwa amekuja. Mtoto akasema, "Nani kamsamehe?" na wenzake wakaanza kusema wote pamoja, na mmoja akasema Nehanda je, na tîtán wengine je, kwani sasa ni wenzao? Hadithi ikafa pale pale. Si kwamba watoto walikuwa wajeuri, wao walikuwa ndani kuliko sie. Binti akainuka akaingia ndani, na karafuu zile tulizimaliza kimya kimya.

Nikamfuata baadae. Alikuwa analia, si kilio kikubwa, machozi tu. Akanambia, "Mjomba, nimekisoma mara ya pili kuanzia laasiri nikitafuta pahala nilipopapitia haraka, nikidhani ni kiingereza changu. Hamna. Mjomba nimesubiri toka sijavaa hata baibui."

Hilo la kudhani ni kiingereza chake liliniuma kuliko lote. Msomaji wetu wa huku anaposoma kitabu cha nje na kitabu kikawa na pengo, jambo la kwanza anajishuku yeye. Nilikaa nae tukapitia pamoja, na nasema kwa uhakika kwamba binti alisoma sawa. Pengo limo kitabuni.

Mie naliona hivi. Kitabu cha pili kilikopa. Kilipompeleka Amari kwenye kile kijiji kilichukua kitu kizito sana kutoka kwa msomaji, kilichukua ile imani kwamba hawa wetu ni wema, na msomaji alikubali kutoa kwa sababu alijua vitakuja kulipwa. Malipo si lazima Amari auliwe au afungwe. Malipo ni mtu asimame mbele yake amwambie ulichokifanya ni hichi, na yeye aseme neno lake, kisha yoyote yatakayotokea yatokee. Zélie nae ana deni, mana naye alitaka ushindi kwa bei ambayo wengine ndio walioilipa. Na nchi nzima ina suala lake, maji na tîtán watakaaje kwenye mtaa mmoja baada ya kuuana. Hayo ndio yaliyokuwa mezani. Cha tatu kimeleta adui wa nje, mkatili mpaka mwisho, asiyekuwa na upande wa kusikilizwa, na mbele ya adui wa namna ile kila mtu wa Orïsha anageuka mtu mwema kwa siku moja. Hesabu yote ya nyumbani imefutwa na mgeni.

Na angalia ukubwa wa vitabu. Cha kwanza kina kurasa zaidi ya 500 kusimulia nchi moja na safari moja. Cha tatu hakifiki 400, na humo kuna meli, kuna nchi mpya na watu wake na mila zao, kuna nguvu mpya, kuna mfalme mpya, na kuna kuimaliza hadithi yote ya miaka sita. Kila kitu kinapewa kurasa chache kinapita. Watu wanakufa hujapata nafasi ya kuwalilia. Kile kitabu cha kwanza kilikuwa kinakaa na maiti, baba yake Zélie alipokufa tulikaa matanga, huku hakuna hata wa kutandika mkeka.

Dada yangu alitusikia tukizungumza akaingia. Yeye hajasoma hata kimoja ila hadithi anaijua yote kwa masikio. Akasema, "Nyie mnataka kila kitu kiwe mahkama. Vita vikija watu husahau, mbona ndo ilivyo dunia." Nilikaa na neno lake usiku kucha mana lina ukweli. Kweli watu husahau wakiona jahazi la adui. Lakini kusahau nako ni kisa, tena kisa kikubwa. Niandikie basi, niandikie Amari analala kwenye kizimba kimoja na mtu aliyefiwa kwa amri yake, wamefungwa mnyororo mmoja, na mtu yule anajua na bado inambidi ampokeze maji. Usiku mmoja tu. Kurasa kumi tu. Hakuna pahala pazuri zaidi pa kuzungumzia yale kuliko mle ndani ya meli, hakuna wa kukimbia, hakuna jeshi, hakuna kiti cha ufalme cha kujifichia. Mwandishi alishawaweka pamoja kwa mkono wake mwenyewe! Kisha akawatoa mbio kwenda nchi nyengine. Hapo ndipo ninapohuzunika hasa, mana si kwamba njia haikuwepo, ilikuwepo na ilikuwa ndani ya kurasa zake mwenyewe.

Wapo wataosema hichi ni kitabu cha vijana, vijana wanataka vita na mapenzi, wewe mtu mzima unadai makubwa. Sikubali hata kidogo. Suala lile halikuulizwa na mtu mzima, limeulizwa na mtoto wa miaka minane mikono yake imejaa makonyo. Na limeulizwa kwa sababu hadithi ilisemwa kwa mdomo. Ukisoma kwa macho peke yako chumbani unaweza kulivuka shimo bila ya kulijua, sentensi inakubeba, vita vinakubeba. Ukisimulia huvuki. Mbele yako kuna watu wanaokumbuka kila mtu uliyemtaja miaka mitatu nyuma na wanataka kujua yuko wapi. Bibi alipoulizwa asubuhi yake alisema yeye hadithi zake akimtaja hata kuku, kuku yule lazima aonekane tena kabla ya kulala, la sivyo watoto hawalali.

Nimejiuliza pia kama tatizo ni kungojea, kwamba mtu akisubiri miaka mingi kitu chochote kitamvunja moyo. Kwa watu wengine labda. Kwa binti huyu hapana, mana kwenye kungojea hakujitungia mwisho wake, nilikuwa namuuliza unadhani itakuwaje anasema sijui mjomba, ila nataka wazungumze. Alikuwa anataka jambo dogo namna ile.

Kitabu hakikutupwa. Kiko kabatini pamoja na wenzake, na shoga yake wa skuli alipokiazima alimwambia asome mpaka wanapotoka kwenye meli, akisoma zaidi ni hiari yake. Nadhani kamtendea haki mwandishi kuliko mie.

Usiku wa nne toka siku ile niko bado Wete, akaja akakaa kwenye jamvi bila ya kitabu. Watoto wakamtazama. Akasema hadithi ya leo haimo kitabuni, ni yake yeye, na asiyetaka anaweza kwenda kulala. Hakuinuka mtu. "Paukwa?" "Pakawa!" Akaanza na mwanamke mmoja wa kile kijiji, siku moja kabla, anateka maji kisimani alfajiri, anamwita mtoto wake aje ashike ndoo ya pili. Hana jina kwenye kitabu chochote. Alimpa jina, akampa mume mvuvi, akampa kikohozi cha asubuhi kama cha bibi, na yule mdogo wa jirani akawa anachambua huku macho hayamtoki usoni pake.

Nilirudi Unguja kesho yake, boti ya asubuhi. Tangu siku ile nikimpigia namuuliza wamefika wapi. Juzi alinambia vita vimekwisha na Amari yuko njiani anakwenda kile kijiji kwa miguu, peke yake, keshafika kwenye njia panda. Ila hajui bado nani atatoka kumpokea.